Mwenye Vyombo na Mwenye Mkono: Vifaa vya DJ na Shughuli za Mitaani Jijini Dar es Salaam, 1969–2017

Ikisiri

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imeandikwa kwa kina kuliko historia ya watu waliopiga muziki uliokwisha kurekodiwa. Makala hii inamchunguza DJ wa Dar es Salaam kama mfanyakazi, kwa kuvisoma vifaa vyake kama ushahidi wa kihistoria. Hoja ya msingi ni kwamba kila kifaa kipya kilibadili kitu ambacho DJ alikiuza: mwanzoni aliuza santuri ambazo wengine hawakuwa nazo, kisha akauza uteuzi, kisha mfululizo usiokatika, na hatimaye utunzi wenyewe. Hata hivyo, uhusiano mmoja ulidumu katika kipindi chote: mwenye vyombo alibaki mtu tofauti na mwenye mkono. Makala inaonesha kwamba ujuzi wa DJ ulikua ndani ya shughuli za mitaani, yaani harusi, sendofu, kichen pati na vigodoro, na kwamba ujuzi huo haujapata nafasi yake katika sheria wala katika kumbukumbu za taifa.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka kujua bendi ya NUTA Jazz ilipiga nini katika miaka ya 1960 ana pa kuanzia. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi za dansi katika studio zake, na kanda hizo, ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ni miongoni mwa hazina kubwa za sauti katika Afrika Mashariki. Wanazuoni nao wameitumia hazina hiyo vizuri. Lakini mtu anayetaka kujua DJ wa harusi ya Magomeni alipanga nyimbo zake vipi usiku mmoja wa mwaka 1988 hana kanda ya kusikiliza. Kazi ile ilianza jioni, ikaisha alfajiri, na vumbi lilipotulia hapakuwa na kilichobaki isipokuwa kumbukumbu za waliocheza.

Pengo hili halikutokea kwa bahati mbaya. DJ amechukuliwa kwa muda mrefu kama mtu wa kuwasha mashine, na mtu wa kuwasha mashine hahesabiwi kuwa na historia. Makala hii inapinga mtazamo huo. Inadai kwamba mashine zenyewe, zikisomwa kwa makini, zinaeleza kazi iliyofanywa juu yake: uwezo wake na mipaka yake, bei yake na udhaifu wake mbele ya joto, vumbi na umeme wa kukatika. Kwa njia hiyo tunaweza kuirudisha kazi ya DJ mahali pake, yaani katika historia ya kazi na si katika historia ya starehe peke yake.

Kipindi kinachojadiliwa kinaanza mwaka 1969, uongozi wa mkoa ulipopiga marufuku muziki wa soul jijini, na kinaishia mwaka 2017, muziki wa singeli uliotengenezwa na ma-DJ wa uswahilini ulipotoka kwenye albamu iliyosikika nje ya nchi. Kati ya marufuku ile na albamu hii kuna takriban nusu karne ya watu waliobeba spika.

2.0 Urithi wa Bendi: Dhana ya Vyombo

Neno ambalo wanamuziki wa Tanzania hulitumia kwa ala na mitambo yao ni vyombo. Mtu husema “bendi imepata vyombo vipya” au “fulani ana vyombo vyake”. Neno hili lilikuwapo kabla ya DJ, na pamoja nalo ulikuwapo uhusiano wa kijamii ambao DJ aliurithi.

Bendi nyingi za dansi hazikumiliki vyombo vyake. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya umoja wa wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Baada yake jeshi, polisi, mashirika ya umma na wafanyabiashara binafsi walifuata mtindo huohuo. Aliyekuwa na magitaa, vikuza sauti na spika ndiye aliyekuwa na bendi. Mwimbaji maarufu angeweza kuhama, lakini vyombo vilibaki. Mfano unaojulikana sana ni wa mwaka 1985, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, Hugo Kisima, alipoivunja bendi yake na kuwavuta baadhi ya nyota wa Mlimani Park ili kuunda International Orchestra Safari Sound. Wanamuziki walikuwa na majina, na mwenye vyombo alikuwa na uamuzi.

DJ alipoingia mjini aliingia katika mpangilio huo. Pale palipokuwa na watu kumi jukwaani sasa alisimama mmoja, lakini swali lilikuwa lilelile: vyombo ni vya nani?

3.0 Santuri na Uhaba, 1969–1984

Tarehe 1 Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Mwishoni mwa mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameyachambua matukio haya kama mapambano juu ya maana ya utamaduni wa taifa na nafasi ya vijana mjini. Kwa upande wa historia ya DJ, marufuku ile inatupa jambo jingine: inathibitisha kwamba santuri kutoka nje ya nchi zilikuwa tayari na wafuasi wa kutosha kuisumbua serikali. Kitu kisichosikilizwa hakihitaji kupigwa marufuku.

Uhaba uliofuata haukuletwa na siasa ya utamaduni peke yake. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na kazi za bendi zake zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilimaliza fedha za kigeni. Katika nchi ambayo sukari na sabuni zilipangiwa foleni, sindano ya santuri haikuwa kwenye orodha ya mahitaji. Aidha, Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, tofauti na Zanzibar iliyoanza kuitumia mwaka 1973. Kijana wa Temeke aliyetaka kujua ulimwengu unacheza nini aliupata kwa redio, kwa sinema, au kwa disko.

Katika mazingira haya DJ aliuza upatikanaji. Santuri zake zililetwa na mabaharia, wanafunzi waliosoma nje, wafanyakazi wa ndege na jamaa waliosafiri. Sanduku la santuri lilikuwa mtaji wake, na lilifichwa kama mtaji. Si ajabu kwamba disko za mwanzo zilikaa katika hoteli na kumbi za katikati ya mji, ambako kulikuwa na umeme wa uhakika, wateja wenye kiingilio, na mlango unaofungika. Huko ndiko lilikokuwa disko la Mbowe, katika eneo ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Bilicanas.

Hapa inafaa tukitazame kifaa chenyewe. Mwaka 1972 kampuni ya Matsushita ya Japani ilitoa pleya ya Technics SL-1200, ambayo mota yake huzungusha sahani moja kwa moja bila mkanda wa mpira. Toleo la pili la mwaka 1979 liliongezewa udhibiti wa kasi kwa kwatzi na kitufe cha kuteleza kinachoongeza au kupunguza mwendo hadi asilimia 8. Manufaa yake kwa fundi wa kuunganisha nyimbo ni dhahiri. Wimbo wenye mapigo 116 kwa dakika unaweza kupandishwa kwa asilimia 3 na nusu hivi ukafikia mapigo 120 ya wimbo unaofuata, na mchezaji asitambue mahali nyimbo zilipokutana.

Hata hivyo, kwa Dar es Salaam lipo jambo la pili ambalo halisemwi sana. Pleya nyingi za kawaida za wakati ule zilitumia mota ambayo kasi yake hufuata mizunguko ya umeme, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme wa gridi ukiwa thabiti, hakuna tatizo. Lakini shughuli inapoendeshwa kwa jenereta ndogo, spika zikivuta nguvu nyingi injini huelemewa, mizunguko hupungua, na wimbo huzama kana kwamba mwimbaji ameshikwa na usingizi. Mashine ya kwatzi haikuwa na ugonjwa huo. Hivyo kifaa ambacho kwingine kilisifiwa kwa ajili ya ufundi wa kuchanganya, hapa kilikuwa pia jibu la tatizo la umeme. Bei yake ndiyo iliyowaweka wengi mbali nacho.

Waliobaki na pleya za kawaida walijifunza tiba zao. Spika za besi zikiwa karibu, mtetemo hupita mezani, hufika kwenye sindano, na kurudi spikani kama mvumo usiokoma. Dawa yake ilikuwa kuitenga pleya na meza kwa vipande vya sponji au kuiweka juu ya kitu kizito. Santuri nayo ikiachwa juani hupinda isinyooke tena. Mambo haya hayakufundishwa chuoni. Yalipokewa kwa kusimama nyuma ya mtu anayejua, kumbebea masanduku, na kutazama.

4.0 Kaseti na Enzi ya Ruksa, 1984–1999

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu watu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Pamoja na mitumba na magari yaliyotumika, zikaingia redio kaseti, deki, vikuza sauti na spika. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na hoteli wala shirika nyuma yake aliweza kununua vyombo, japo vichakavu.

Kaseti, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilivunja ukiritimba wa mwenye santuri. Wimbo uliokuwa mali ya mtu mmoja uliweza kunakiliwa usiku mmoja na asubuhi ukawa mtaa mzima. Kwa hesabu ya haraka tungetarajia DJ apoteze kazi. Kilichotokea ni kinyume. Uhaba ulipohama kutoka kwenye santuri, thamani ilihamia kwenye uteuzi: nani anajua wimbo upi uje baada ya upi? Kanda ya dakika 90 ilimpa DJ dakika 45 kila upande za kuonesha jibu lake. Kanda za mchanganyiko ziliuzwa, zikaazimwa, na zikapigwa katika daladala, usafiri uliohalalishwa mwaka 1983. Ndani ya daladala DJ alisikika na watu wasiokanyaga disko maisha yao yote.

Kwa upande wa jukwaani, kaseti ilikuwa kifaa kigumu. Santuri huonesha kwa macho mahali wimbo unapoanza, ilhali kaseti haioneshi chochote. DJ wa kaseti alizisogeza kanda zake nyumbani hadi mwanzo wa kila wimbo, akaandika namba za kihesabio cha deki kwenye karatasi, na kwenda kazini na kanda nyingi zenye wimbo mmoja mmoja uliokwisha kutegwa. Kalamu ya wino ilikuwa sehemu ya vyombo vyake, kwa kuwa ndiyo iliyorudisha utepe uliolegea. Kwa hiyo maandalizi yalichukua muda kuliko onesho lenyewe. Mteja aliona saa sita za muziki na akalipia saa sita. Siku mbili zilizotangulia hazikuonekana, na kwa hiyo hazikulipwa.

Enzi hii ilizaa pia disko la kuhamahama, yaani seti kamili ya vyombo inayopakiwa garini na kwenda kokote inakoitwa. Clouds, ambayo leo inajulikana kama kampuni ya utangazaji, ilianza kama disko la namna hii kabla ya kuwa kituo cha redio mwishoni mwa miaka ya 1990. Safari hiyo inaeleza mengi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo binafsi, walioelewa namna ya kushika hadhira kwa santuri walikuwa na ujuzi tayari. Alex Perullo, katika utafiti wake kuhusu uchumi wa muziki wa Dar es Salaam uliotoka mwaka 2011, anaonesha jinsi watangazaji na ma-DJ wa redio walivyokuwa walinzi wa lango la muziki wa kizazi kipya. Kwa lugha ya makala hii, wachache miongoni mwa wenye vyombo walipanda wakawa wenye masafa. Wengi walibaki mtaani, na huko ndiko historia hii inakokwenda sasa.

5.0 Shughuli ya Mtaani kama Mahali pa Kazi

Neno shughuli, katika Kiswahili cha Dar es Salaam, lina maana ya kazi na pia maana ya sherehe. Kwa DJ maana hizo mbili ni kitu kimoja. Harusi, sendofu, kichen pati, kipaimara, mahafali na arobaini ya mtoto ndizo zilizomlisha, kwa kuwa kumbi za disko zilikuwa chache na nafasi zake zilikuwa na wenyewe.

Kazi ya mtaani huanza kwa mazungumzo na kamati. Mwenye vyombo hupokea kianzio, mara nyingi nusu ya bei, na salio huahidiwa baada ya shughuli. Siku ikifika, vyombo hupakiwa kwenye mkokoteni, guta au kirikuu. DJ na vijana wake hufika kabla ya turubai kukaza kamba, kwa sababu spika ikishapangiwa mahali baada ya viti, itaishia nyuma ya mti. Umeme huvutwa kutoka nyumba ya mwenye shughuli au kwa jirani aliyekubali, na jenereta hukaa upande wa pili wa uzio ili mvumo wake usishindane na muziki. Mgawo wa umeme, kama ule wa mwaka 2006, uliifanya jenereta kuwa sehemu ya lazima ya bei, na mafuta yakawa chanzo kipya cha ugomvi: ni ya mwenye vyombo au ya mwenye shughuli?

Hapa suala la ukubwa wa sauti linageuka kuwa suala la mtaji. Sikio la mwanadamu halihesabu kama mita ya umeme. Ili muziki usikike maradufu, nguvu ya kikuza sauti inatakiwa kuongezwa takriban mara kumi: anayetoka wati 100 hafiki maradufu kwa wati 200, bali kwa wati 1,000. Katika uwanja wa wazi, usio na kuta za kurudisha sauti, gharama hiyo huuma zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye spika nne hakuweza kushindana na mwenye spika kumi na mbili kwa kuongeza bidii tu, na ndiyo maana vyombo vilielekea kujikusanya mikononi mwa wachache waliokodisha kwa wengine. DJ kijana aliyekuwa na mkono mzuri lakini hana spika alifanya kazi chini ya jina la mwenye spika. Wahenga walisema, “Mtegemea cha nduguye hufa maskini.” DJ wa kukodi vyombo aliuelewa usemi huo bila kufafanuliwa.

Ndani ya shughuli yenyewe, kazi ya DJ ni kusoma wakati. Sendofu ina mpangilio unaojulikana: bibi harusi anaingia kwa hatua ndogo, wazazi wanaingia, keki inakatwa, chakula kinapangiwa foleni, zawadi zinaletwa kwa kucheza. Kila hatua ina mwendo wake. Wimbo wa kuingilia ukiwa wa haraka, bibi harusi ataonekana anakimbilia. Wimbo wa zawadi ukiwa wa polepole, shangazi wa mwisho atafika mbele saa saba ya usiku. DJ lazima ajue kurefusha wimbo wa dakika nne ufike dakika kumi na moja bila mtu kutambua, kwa sababu msururu wa upande wa baba umekuwa mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Lazima ajue kwamba meza ya wazee inasubiri rumba na dansi la zamani, kwamba kina mama wanasubiri taarab, na kwamba vijana waliosimama pembeni wataondoka wasipokumbukwa. Hii ni elimu ya jamii iliyofichwa ndani ya kazi ya mikono.

Inafaa pia kuangalia fedha inavyotembea. Katika taarab, mwimbaji hutunzwa. Mchezaji hunyanyuka na noti, huizungusha hewani na kumpa mbele ya macho ya watu. Katika sherehe ya kisasa mshereheshaji naye hutunzwa. DJ, ambaye ndiye aliyeuweka wimbo uliowanyanyua watu, kwa kawaida yuko nyuma ya meza, gizani, na mkono wenye noti haumfikii. Mapato yake ni yale aliyopatana na mwenye vyombo. Salio la mwenye shughuli likichelewa au lisipolipwa, na hilo ni jambo la kawaida, hasara hushuka kama maji hadi kwa aliye chini kabisa, yaani mwenye mkono na mbeba spika.

6.0 Kutoka Diski hadi Kompyuta: DJ Anapokuwa Mtunzi

Mwaka 2001 kampuni ya Pioneer ilitoa CDJ-1000, mashine ya diski yenye gurudumu linaloiga mguso wa santuri. Kwa ma-DJ wa kumbi kubwa ilikuwa daraja kutoka enzi moja kwenda nyingine. Mtaani mashine hiyo ilikuwa ndoto, na kazi iliendelea kwa deki za nyumbani mbili na mikisa ndogo. Mageuzi ya kweli ya uswahilini yaliletwa na kompyuta. Kompyuta moja ya mezani iliyotumika, ikiwa na programu ya kuchanganya nyimbo, ilichukua nafasi ya pleya mbili, sanduku la santuri na nusu ya mizigo. Flashi moja ilibeba muziki ambao zamani ungejaza chumba. Kampuni ya Panasonic iliposimamisha utengenezaji wa SL-1200 mwaka 2010, kabla ya kuurejesha mwaka 2016, mtaani hakuna aliyesitisha harusi.

Kwa mara nyingine uhaba ulihama. Nyimbo sasa zilikuwa za kila mtu, na hata kuunganisha mapigo kulifanywa na programu. DJ alibakiwa na nini cha kuuza? Jibu la uswahilini lilikuwa singeli.

Asili ya singeli ina mikondo kadhaa. Mmoja ni mchiriku, muziki wa vijana wa mitaa ya Dar es Salaam uliopigwa kwa kinanda kidogo cha Casio, ngoma na spika za honi, ambao kundi la Jagwa Music liliufikisha hata Ulaya. Mwingine ni vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, ambako ma-DJ walichukua vipande vya taarab visivyo na sauti ya mwimbaji, wakavirudiarudia na kuviongezea kasi, huku mshika kipaza sauti akighani juu yake. Muziki uliozaliwa hapo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika.

Hapa ndipo historia ya kifaa na historia ya sanaa zinapogusana waziwazi. Kitufe cha kasi cha mwaka 1979 kilikusudiwa kuficha tofauti: kikomo chake cha asilimia 8 kiliwekwa ili wimbo usogezwe kidogo bila kuharibika. Programu ya kompyuta haikuwa na kikomo hicho. DJ wa Manzese au Tandale hakukitumia kitufe kile kuficha chochote, bali alikisukuma mpaka wimbo ukawa wimbo mwingine. Kifaa cha kulinganisha kiligeuka kuwa ala ya kutungia. Tangu hapo mpaka kati ya DJ na mtayarishaji ulianza kufutika: mtu aliyetengeneza mdundo mchana katika chumba kidogo ndiye aliyeupiga usiku kwenye kigodoro, akatazama umati umeupokeaje, na kesho yake akaurekebisha.

Mwaka 2017 albamu ya Sounds of Sisso, iliyokusanya kazi za watayarishaji wa studio ya Sisso huko Mburahati, ilitolewa na lebo yenye makao yake Kampala na kufungua milango ya majukwaa ya Ulaya. Wakosoaji wa huko waliusifu muziki huo kwa upya wake. Msomaji wa makala hii ataona kwamba upya huo una ukoo: bila jenereta, bila kanda za daladala, bila sendofu zilizovuka usiku wa manane, usingekuwapo.

7.0 Sheria, Kelele na Kumbukumbu

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watunzi, na kando yao watumbuizaji, watayarishaji wa rekodi na vyombo vya utangazaji. DJ, kwa kadiri anavyopiga kazi za wengine, ni mtumiaji anayepaswa kuwa na leseni. Kanuni hiyo ni ya haki kwa mtunzi, na makala hii haiipingi. Lakini haina mahali pa kuuweka mpangilio wa usiku mzima, ambao ni kazi ya akili ya mtu mmoja, wala haimsaidii mwenye mkono anapodai malipo yake kwa mwenye vyombo, kwa kuwa makubaliano yao hayakuandikwa popote. Singeli imeifanya hali hii iwe ngumu zaidi: mtu yuleyule ni mtumiaji wa kipande cha taarab na ni mtunzi wa wimbo mpya, usiku uleule, kwa mashine ileile.

Kwa upande mwingine iko sheria ya kelele. Kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ziliweka viwango vya sauti vya mchana na usiku kwa maeneo ya makazi. Viongozi wa serikali pia wamevipiga marufuku vigodoro kwa nyakati mbalimbali, wakitaja maadili na usalama. Mgonjwa, mtoto mchanga na mtu wa zamu ya alfajiri wana haki ya kulala, na hakuna mwanahistoria anayeweza kuifuta haki hiyo kwa kupenda muziki. Hata hivyo, athari za kanuni hizi hazilingani kwa wote. Ukumbi wenye kuta nene na kiyoyozi hutii kanuni kwa kufunga mlango. Shughuli ya turubai haina mlango wa kufunga. Kwa hiyo sauti inaporudishwa ndani ya kuta, anayebaki nje ni yule asiye na uwezo wa kukodi ukumbi, na pamoja naye DJ aliyejifunzia kazi kwenye turubai.

Kati ya sheria inayomtazama kama mtumiaji na sheria inayomtazama kama mpiga kelele, DJ wa mtaani hakupata sheria inayomtazama kama mfanyakazi. Ni rahisi kuona kwa nini kumbukumbu nazo zilimruka.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba historia ya DJ wa Dar es Salaam ni historia ya uhaba unaohama. Santuri zilipokuwa adimu aliuza santuri. Zilipoenea kwa kaseti aliuza uteuzi. Diski na kompyuta zilipoufanya uteuzi na muunganiko kuwa rahisi, aliuza utunzi. Katika kila hatua wapo waliotabiri kwamba mashine mpya ingemfukuza, na katika kila hatua alipata kitu ambacho mashine haikuweza kukifanya bila yeye. Kitu hicho kilitokana na kuwasoma watu waliokaa chini ya turubai.

Kisichohama ni mgawanyo kati ya mwenye vyombo na mwenye mkono, uliorithiwa kutoka kwenye bendi za miaka ya 1960. Kompyuta imewasogeza wawili hao karibu, kwa kuwa chombo cha kutungia sasa kinaweza kununuliwa na kijana, lakini spika bado zina mwenyewe, na hesabu ya wati haijabadilika.

Pendekezo la makala hii ni moja, nalo halihitaji fedha nyingi. Vyuo vyetu vimekuwa vikikusanya ngano, majigambo na mashairi kutoka kwa wazee kabla hawajaondoka. Kizazi cha ma-DJ wa kaseti sasa ni cha wazee. Karatasi zao za namba za kihesabio, kanda za dakika 90 zenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu, na maelezo yao ya namna ya kuirefusha zawadi ya upande wa baba, ni nyaraka za historia ya jiji hili. Zimekaa katika masanduku chini ya vitanda, katika joto na unyevu wa Pwani, na utepe wa kaseti hausubiri mtafiti amalize kutafakari.